Bangili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Oktoba 1972

Posa imepokelewa! Baada ya miezi mitatu ya kupeleka na kungoja, mshenga wangu Damiano amerudi saa kumi jioni, baiskeli imejaa vumbi, mdomo umejaa habari. Yunis mwenyewe amekubali. Mama yake, Mama Elizabeti, hakupinga. Baba yake alishafariki. Mjomba wake, Mzee Hezekia, amekubali pia, na kwetu mjomba akishakubali, kazi imekwisha.

Isipokuwa sharti moja. Mzee anataka nikalime. Ekari moja, kwenye eneo alilogawiwa katika kijiji chao cha ujamaa, upande wa Masanze, kabla mvua za kwanza hazijaanguka. Eti yeye alilima ukweni, baba yake alilima ukweni, na babu yake alilima ukweni mpaka mgongo ukapinda. Ukoo mzima haujapata wazo jipya tangu enzi za Mjerumani!

Mimi! Melkizedek! Darasa la nane, karani wa mizani ya pamba hapa Kilosa, mtu mwenye mashine ya chapa ofisini na ufunguo wa ofisi mfukoni. Nikainame juani mbele ya watu ambao pamba yao naipima mimi. Hapana.

Na vidole hivi je? Watu hawajui thamani yake. Nikitoka kazini hukaa barazani na koleo yangu, tupa yangu na waya, nikatengeneza mapambo. Bangili, hereni, mikufu, pini za tai. Waya mwembamba wa shaba nauzungushia kwenye waya mnene, mzunguko kwa mzunguko, mia mbili, mia tatu, bila hata mmoja kupanda juu ya mwenzake. Si biashara. Naifanya kwa mapenzi. Majirani huniuliza kama nasuka mtego wa panya.

Nimeamua. Badala ya ekari, mapambo. Mkono mtupu haulambwi, na mimi siendi mikono mitupu. Waya ninao: juzi nilipanda lori hadi Mikumi, fundi magari mmoja kando ya barabara kuu akanipa dainamo lililoungua kwa mche mmoja wa sabuni. Ndani mna shaba ya kuupamba ukoo wote wa Mzee Hezekia. Fundi mwenyewe alicheka nikiondoka, maskini, hajui alichokitoa.

Jumatano, 4 Oktoba

Damiano alipeleka zawadi za kwanza jana. Pini ya tai kwa Mzee Hezekia. Hereni kwa Yunis.

Mzee hana tai. Hilo nilipaswa kulifikiria, lakini nani angeamini kwamba mzee wa kanisa hana hata tai moja? Aliigeuza pini, akainusa, kisha akazibulia tundu la jiko la mafuta ya taa. Amesema ni kifaa kizuri sana. Ameuliza kama ipo nyingine ya taa. Kisha akauliza nakuja lini na jembe, na akamwambia Damiano aniambie kwamba mchagua jembe si mkulima. Kosa kubwa! Sijachagua jembe. Nimelikataa. Ni mambo mawili tofauti, lakini mzee hakusoma.

Hereni zimegeuza masikio ya Yunis kuwa ya kijani. Jasho hilo, si shaba. Damiano anasema msichana alicheka, akaosha masikio, akasema hereni ni nzuri ila ananiomba nije nilime tu, siku nne zingetosha. Siku nne! Amezungumza kama mtu asiyejua anaolewa na nani. Hata hivyo alicheka, na kucheka ni dalili njema.

Habari mbaya. Cleopa amelima robo ya ekari ile. Cleopa ni fundi baiskeli wa kijijini hapo, kijana mwenye kucha nyeusi za grisi na meno mengi kupita kiasi. Hakuna aliyemtuma. Hajaposa. Eti anamsaidia mzee kwa sababu mzee kazeeka. Wengine huzaliwa kusaidia. Na mimi nasema asante, anipunguzie.

Ijumaa, 6 Oktoba

Sikulala kwa wazo. Nimekuwa nikipamba mtu asiyehusika! Mzee Hezekia hamsikilizi mtu duniani ila dada yake. Na dada yake ni nani? Mama Elizabeti. Mama mkwe wangu. Mama akivaa kitu changu, akakipenda, akamwambia kaka yake amwache kijana wa watu, ekari imekufa.

Bangili. Si bangili ya kawaida. Bangili nzima isiyo na mlango, waya mnene mara kumi na mbili, imefungwa kwa ule mwembamba toka mwanzo hadi mwisho. Mlango huharibu uso wa kazi.

Tatizo ni kipimo. Bangili ya namna hii hupimwa mkononi, na mtu hamshiki mama mkwe wake mkono. Hata kumtazama usoni humtazami. Toka posa ya kwanza ilipopelekwa, nikimwona njiani naingia porini, yeye naye anageukia upande, tunaamkiana kwa migongo kama watu wawili waliopoteza kitu. Adabu ni adabu. Hata mimi, ninayedharau mengi, hiyo siidharau.

Kwa hiyo nilimtuma Damiano amwombe Yunis anipimie kwa uzi. Uzi umefika leo, una fundo. Ajabu! Ungetosha kuvisha shingo ya mbuzi. Yunis anasema amepima pale mkono ulipo mpana, penye vifundo vya vidole, ili ipite. Wasichana na hesabu! Mkono wa mama yake nimeuona mimi mwenyewe kwa mbali, hatua kama thelathini, umeshika ndoo. Mkono mwembamba kabisa. Nimepunguza inchi moja na robo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Ushindi!

Bangili ilipelekwa asubuhi. Damiano anasema iliingia. Kwa sabuni, kwa mafuta ya ufuta, kwa Yunis kuvuta na shangazi mmoja kusukuma, lakini iliingia, na Mama Elizabeti akanyosha mkono mbele ya mlango na jua likaipiga bangili. Kisha akasema tangu azaliwe hajavaa kitu kama hicho. Akasema aliyekitengeneza ana subira.

Subira! Neno hilo nimeliandika na kulisoma mara tatu. Watu wa Kilosa wote wamenijua miaka kumi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno kama hilo.

Wanawake wa kijiji wamekuja kuiona. Mzee Hezekia naye aliitazama. Hakuitumia kuzibulia chochote. Cleopa, naambiwa, alisimama kando na jembe lake akauliza inatokaje. Wivu!

Jumapili, 8 Oktoba

Nilikwenda kusali kanisani kwao makusudi. Nikakaa nyuma, upande wa wanaume. Wakati wa wimbo wa pili Mama Elizabeti aliinua kitabu na bangili ikamulika ukuta. Mchungaji alipoteza mstari.

Baada ya ibada Yunis alipita karibu yangu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mkono wa mama umeanza kuvimba na bangili haitoki. Nikamwambia itatoka. Akasema wamejaribu sabuni. Nikamwambia wajaribu sabuni zaidi. Akanitazama kama mtu anayesoma mizani asiyoiamini, akaenda zake. Kavaa kitenge cha maua mekundu. Jamani, nampenda msichana huyu. Ningefanya chochote kwa ajili yake, jembe likiwa kando.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mambo yameharibika, na kwa sehemu kubwa ni makosa ya mkono wenyewe.

Umevimba hadi vidoleni. Mama hawezi kutwanga, hawezi kushika jembe, usiku hakulala. Mganga wa zahanati amesema bangili ikatwe kesho, si keshokutwa. Yeye mwenyewe ana mkasi wa bandeji tu, ulijaribu waya wa kwanza ukapinda. Mzee Hezekia amepiga hesabu zake za kizamani: alitegemea kupata mikono miwili shambani, sasa amepoteza mmoja aliokuwa nao.

Koleo za kukata waya mnene katika eneo lile ni mbili. Yangu na ya Cleopa. Na Cleopa si mkwe wa mtu. Anaweza kukaa mkekani, akaushika mkono wa Mama Elizabeti mapajani pake, akaikata bangili mchana kweupe, na kila mtu akamshukuru. Amekwisha kujitolea, mshenzi! Wamemwambia angoje wasikie kwangu kwanza, kwa heshima ya posa.

Siwezi kukubali. Yeye alime ekari yangu, yeye akate bangili yangu, mimi nibaki na nini?

Lakini mimi nikiushika mkono ule, nimemvunjia heshima mama mkwe mbele ya ukoo. Damiano alipendekeza mkono ufunikwe kanga. Nikamwambia huwezi kukata waya usiouona, utakata mama. Akapendekeza tumwachie Cleopa akate. Nikamwambia anyamaze.

Ndipo wazo likaja. Lilikuja lenyewe, saa moja usiku, ugali ukiwa mdomoni. Anayekatazwa kumshika ni mkwe. Je, nisipokuwa mkwe? Kwa muda mfupi tu? Kwa saa moja?

Nikarudi ofisini, nikafungua, nikawasha taa, nikapiga chapa nakala tatu:

YAH: KUSITISHA UCHUMBA KWA MUDA WA SAA MOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi Melkizedek nasitisha uchumba wangu na binti Yunis kesho Jumanne, kuanzia saa nane kamili mchana hadi saa tisa kamili, ili niweze kumshika mkono mama yake kwa madhumuni ya kukata bangili. Katika muda huo sitakuwa mkwe wa mtu yeyote. Baada ya hapo uchumba utaendelea kama kawaida.

Damiano aliisoma akajikuna kidevu. Nikamweleza kwamba hata treni husimama hapa Kilosa, abiria wakashuka wakanunua ndizi, kisha safari ikaendelea. Akauliza abiria akishuka, kiti chake kinabaki na nani. Swali la mtu wa darasa la tatu.

Jumanne, 10 Oktoba

Naandika yote kama yalivyotokea ili siku moja haki ijulikane.

Nilifika saa nane kasoro dakika tano, shati jeupe, koleo imepakwa mafuta. Ukoo umekaa nje kwenye viti vya miguu mitatu. Barua ikasomwa kwa sauti na mjumbe wa nyumba kumi, maana Mzee Hezekia hakuona vizuri. Mzee akaitikia kwa kichwa kila mstari. Akaomba isomwe tena pale panaposema sitakuwa mkwe wa mtu yeyote. Ikasomwa. Akasema imeandikwa vizuri sana. Akaomba nitie sahihi mbele ya mjumbe. Nikatia! Na mjumbe akatia yake, na tarehe, na saa.

Kisha Mama Elizabeti akatoka ndani, akakaa mkekani, akanyosha mkono.

Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake. Miezi mitatu ya posa na naujua mgongo wake tu. Ana pengo mbele na macho ya Yunis. Nikamwambia shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu. Mwanangu! Nikaushika mkono. Ulikuwa wa moto, mzito, umekakamaa kwa jembe la miaka yote. Si mwembamba hata kidogo.

Nilikata waya mmoja mmoja, taratibu, nikiweka kipande cha kitambaa chini ili ncha isimchome. Waya kumi na mbili. Jasho lilinitoka kuliko la mkulima yeyote. Kila mmoja ulipokatika alivuta pumzi, na wa mwisho ulipokatika akafumba macho, machozi yakamtoka, akaniwekea ule mkono mwingine kichwani akanibariki. Saa nane na dakika ishirini na tano. Nikaletewa chai. Nikanywa, nimekaa mbele ya mama mkwe wangu kama mwanawe wa kumzaa, na sikuwahi kuwa na furaha kiasi kile maishani mwangu. Laiti ningeangalia saa.

Saa tisa kasoro robo akaingia Cleopa. Amenyoa. Amevaa koti. Nyuma yake mshenga wake amebeba jembe jipya limefungwa utepe, maana ndivyo posa inavyopelekwa kwao.

Mshenga wake alikuwa Damiano!

Nilisimama, chai ikamwagika. Damiano akanieleza kwa utulivu, bila haya, kwamba kuanzia saa nane hadi saa tisa hakuwa na kazi, kwa barua yangu mwenyewe, na mtu mwenye watoto sita hakatai kazi. Cleopa akaniamkia kwa adabu. Adabu! Angenipiga ingekuwa afadhali.

Mzee Hezekia akauliza kama ekari imelimwa. Akajibiwa imelimwa yote, na matuta. Akauliza kama kuna posa nyingine mezani kwa saa hii. Mjumbe akasoma barua. Akajibu hakuna. Nikasema saa haijaisha! Mzee akasema ndiyo hasa, haijaisha. Akamwita Yunis na kumuuliza mbele ya wote, na Yunis akasema anakubali. Hakusema kwa sauti ndogo. Alinitazama mimi kwanza, nikaona anasikitika, kisha akasema.

Saa tisa kamili niliwasilisha rasmi ombi la kuendelea na uchumba kama kawaida. Nikaambiwa posa ya mtu ikishapokelewa nyingine haipokelewi, hilo nalijua, mimi ni mtu wa Kilosa. Nikaondoka na koleo yangu. Vipande vya waya nimeviacha mkekani.

Nilitembea hadi mjini. Inauma. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza ilianguka jana jioni. Ekari yao italowa vizuri. Hongereni.

Leo mchana nimekutana na Mama Elizabeti sokoni. Kwa mazoea nikakimbilia nyuma ya magunia ya mchele. Akaniita. Akasema sasa naweza kumwamkia usoni, mimi si mkwe tena. Uvimbe umepungua. Akanipa jogoo, akasema mikono yangu ni mizuri, hakuwahi kushikwa kwa uangalifu namna ile tangu mumewe afe. Akaniomba kama mama nishike jembe, hata nusu ekari tu, hata mahali pengine, kwa mwanamke mwingine, kwa maana mwanamume mwenye mikono kama hiyo asiolewe na upweke.

Nilitaka kulia pale pale kati ya magunia. Nikamshukuru. Nikachukua jogoo.

Njiani nikafikiri maneno yake kwa makini. Mikono yangu ni mizuri. Hilo ndilo alilosema. Hayo ya jembe aliongeza tu kwa sababu ni mzazi, na wazazi wote husema jembe.

Jumapili, 15 Oktoba

Posa imepokelewa!

Kilangali, safari hii. Katarina, umri wa miaka ishirini na mitano, mpole, anajua kushona kwa cherehani. Mshenga mpya, Damiano simwamkii tena. Mjomba wa Katarina ni mtu wa leo, si kama yule Mzee Hezekia. Hataki ekari. Anataka nusu tu, na ardhi imekwisha kulainika kwa mvua, na watanipa watu wawili wa kunisaidia.

Nusu ekari! Mimi! Nimemjibu kwamba atapata kitu bora zaidi.

Wiki hii nimekaa nikatafakari makosa yangu, kwa maana mtu asiyetafakari hakui. Nimeyaona yote mawili. Kwanza, saa moja ilikuwa ndefu mno. Dakika ishirini na tano zilitosha kukata bangili, hizo thelathini na tano nyingine ndizo zilizoniponza. Barua mpya nimekwisha kuipiga chapa ikae tayari: nusu saa, na mshenga habadilishi kazi.

Pili, bangili. Mkono huvimba, si wa kuaminiwa. Kwa mama yake Katarina nimetengeneza mkufu. Mizunguko tisa ya shaba ya dainamo, inabana vizuri chini ya kidevu, hauna kifungo wala mlango. Kifungo ni cha watu wenye wasiwasi. Mshenga ameondoka nao asubuhi hii, na nimemwambia wamvishe kwa sabuni.